Nilivyoiua okidi ya Enguserosambu kwa globu

Wadau, leo nina dhambi ya kuungama. Niliua ua.

Si ua la kununua. Ni okidi niliyoibandua kwa mkono wangu kwenye tawi la mti katika msitu wa Enguserosambu, tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Nilikuwa kule kikazi kufuatilia habari za ardhi, na siku ya mwisho wenyeji wakanipeleka kuuona msitu wao. Huku mjini ukitaja Loliondo, mtu anakumbuka kikombe cha Babu wa Samunge cha mwaka 2011, au mvutano wa kuweka mipaka wa Juni 2022. Msitu haumo kabisa kwenye hesabu zetu. Kumbe kule juu, karibu na mpaka wa Kenya, asubuhi ni ukungu na koti, na matawi ya miti yamevaa vimea vya kila aina. Humo ndimo okidi zinamokaa. Hii yangu ilikuwa na maua meupe kama nyota, na kila ua lina mkia mwembamba unaoning'inia. Baadaye nikilinganisha na picha niliona ni ya jamii ya Aerangis.

Mzee aliyekuwa akituongoza aliniona nikiifunga kwenye gazeti. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama kwangu Dar kuna ukungu. Nikacheka.

Nilipofika kwangu Sinza, chumba kimoja, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, nikapekua intaneti. Nikakuta kumbe duniani watu wanafuga okidi ndani ya nyumba kwa taa, wala jua hawalihitaji. Safi! Nikachukua globu ya zamani ya wati 100, ile ya mwanga wa njano, nikaining'iniza juu ya mmea. Mmea wenyewe nikauchimbia kwenye kopo la udongo mweusi wa bustani, nikawa naumwagilia kila asubuhi. Baada ya wiki tatu majani yalikuwa ya njano na mizizi imeoza. Mwezi wa pili haukwisha, nikautupa.

Sasa ninajua nilivyomkosea yule kiumbe. Okidi za namna ile hazikai ardhini na wala hazinyonyi mti. Zinaushika tawi tu, na mizizi yake ina tabaka jeupe kama sponji linalofyonza maji ya mvua na ukungu, kisha likakauka kwa upepo. Ukiizika kwenye udongo mzito umeinyima hewa. Globu ile nayo, sehemu kubwa ya umeme wake inageuka joto, mwanga ni kidogo, kwa hiyo nilikuwa naipika. Halafu usiku wa Dar hauna ile baridi ya milimani.

Tuelewane: taa yenyewe haina kosa. Taa ya LED ya mwanga mweupe ya wati 20, ukiiwasha saa 12 kwa siku, inakula uniti kama 7 za LUKU kwa mwezi. Mmea ukaupanda kwenye vipande vya magome ya mti au mkaa, ukaweka feni ndogo ya kusukuma hewa, ukachagua aina inayovumilia joto, unapata maua hata kwenye chumba kisicho na dirisha la maana. Na kama una kibaraza chenye kivuli chepesi, jua la Dar ni la bure, huhitaji taa.

Ninachogombana nacho ni swali ambalo hatuulizi: huo mmea ulio chini ya taa ulizaliwa wapi?

Zile okidi kubwa za maua mapana unazoziona kwenye hoteli na maharusini, za jamii ya Phalaenopsis, nyingi zimezaliwa maabara, Uholanzi au Taiwan ndiyo wakubwa wa biashara hiyo. Hakuna msitu ulioguswa kwa ajili ya ile unayoinunua leo. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula ndani yake, na porini haioti mpaka ipate kuvu fulani wa kuilisha. Mwaka 1922 mwanasayansi wa Marekani, Lewis Knudson, alionyesha kwamba unaweza kumruka huyo kuvu ukaiotesha mbegu kwenye chupa yenye rojo la sukari na madini. Toka hapo, ganda moja la mbegu linaweza kutoa miche maelfu kwa maelfu. Miche hiyo inakulia kwenye vichupa, chini ya taa, na inachukua miaka kadhaa kutoa ua la kwanza. Taa hapo ina kazi ya maana kweli.

Lakini okidi ya msituni kwetu inafika mjini kwa njia niliyotumia mimi: mkono na gazeti. Kwa kila inayong'olewa hakuna inayopandwa. Na hata ikiwa hai chini ya taa yako, kwa msitu imeshakufa. Maua meupe yenye mkia mrefu yananukia usiku kuwaita nondo wenye ulimi mrefu waje kuyachavusha. Chumbani Sinza nondo huyo haji. Mmea huo hautazaa tena.

Nyanda za juu kusini tumeshauona mchezo huu. Okidi za Kitulo zenye viazi ardhini zilichimbwa kwa magunia na kuvushwa kwenda Zambia, ambako wanatengeneza chakula kiitwacho chikanda. Mwaka 2005 Kitulo ikawa Hifadhi ya Taifa, hifadhi iliyopewa hadhi hiyo hasa kwa sababu ya maua. Sawa. Lakini je, kila penye ua mpaka tuweke geti?

Na kuna hadithi ya pili inayoniuma zaidi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Wajerumani pale Tanga, alipeleka kwao kimea kidogo cha maua ya zambarau kutoka Usambara. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akakipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo wa huyo ofisa. Tyubu laiti zilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1938, mmea huo ukaonekana unazipenda mno, na ukawa malkia wa maua ya chini ya taa. Wamarekani wakaunda chama cha wapenzi wake mwaka 1946. Wajerumani mpaka leo wanaliita ua la Usambara. Mamilioni ya vyungu yameuzwa. Sasa muulize mkulima wa Lushoto au Amani ameonja nini katika biashara hiyo. Na porini kwenyewe, aina kadhaa za ua hilo ziko hatarini kwa sababu misitu inakwisha.

Kwa hiyo ninachosema ni hiki. Kama kuna vijana wa mjini wanaotaka okidi za Tanzania mezani kwao, na wapo, basi zizaliwe chini ya taa hapa hapa nchini, na wenye msitu wawe na fungu lao. Msitu wa Enguserosambu una wenyewe. Wanavijiji wanausimamia kupitia Enguserosambu Forest Trust. Wao waseme ganda gani la mbegu litolewe na lipi libaki. Mmea mama unabaki juu ya tawi lake, hauguswi. Kazi ya maabara si ngeni kwetu, miche ya migomba inazalishwa kwa njia ya chupa miaka mingi, na kituo cha utafiti cha Mikocheni hapa Dar kinaijua kazi hiyo. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 nayo inatoa msingi wa kugawana faida ya mimea na jamii iliyoitunza. Hata CITES, mkataba unaobana biashara ya okidi kuvuka mipaka, unaisamehe kibali miche ya okidi za Orodha yake ya Pili, ambazo ndizo nyingi, ikiwa bado iko kwenye vichupa vyake vya maabara.

Najua kuna atakayesema: wewe bwana, watu wa kule wanalilia malisho na ardhi, unawaletea habari za maua? Hoja ni ya haki, na sidai okidi itamjengea mtu nyumba. Lakini msitu ule ni maji yao, ni dawa zao, ni malisho ya kiangazi. Sisi wa mjini tumezoea kuupigia hesabu kwa mbao, mkaa au vitanda vya watalii, yaani kila hesabu yetu inataka mtu akate au ahame. Hii ya mbegu za okidi ni hesabu ndogo, lakini ni mojawapo ya chache zinazotaka mti ubaki umesimama na mtu abaki alipo.

Kwa leo, wewe mwenye taa yako chumbani, anza na jambo moja. Muuzaji akikuletea okidi, itazame mizizi. Ikiwa bado imeng'ang'ania kipande cha gome la mti, kilichokatwa na panga, imetoka msituni. Muulize msitu gani na nani alimruhusu. Akibabaika, mrudishie.

Mimi sikuulizwa hayo. Niliulizwa kama kwangu kuna ukungu, nikacheka. Mzee wangu, hakuna. Nisamehe.

Nawasilisha.