Mtumbwi Mabegani



Mpwa wetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, anaishi Minneapolis huko Marekani. Alifiwa na mumewe akabaki na mwanawe wa kiume, wakati huo akiwa na miaka 13. Kwa muda wa miaka 2 kijana hakumjibu mamake ila kwa ndiyo na hapana. Juni iliyopita mama alitupigia simu: "Mjomba, nataka kwenda na mwanangu mwituni kwa mtumbwi, siku 4. Waonaje?" Jibu letu lilikuwa la haraka. Tulimwambia huo ni mchezo wa watu wasio na la kufanya, na kwamba mtoto huzungumzwa naye nyumbani. Alituitikia kwa adabu, kisha akaenda.

Mahali penyewe huitwa Boundary Waters, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, mpakani na Kanada. Ni maziwa zaidi ya 1,000 yaliyotapakaa msituni. Kundi moja halizidi watu 9, makopo na chupa za vyakula na vinywaji haviruhusiwi, na katika maziwa mengi mashine ya mashua ni marufuku.

Sisi wa pwani tumezoea kungoja. Maji yakipwa katika mkondo wa Mkanda kule Lamu, nahodha hukaa mpaka yajae. Kule hakuna kujaa wala kupwa: ziwa likikoma, mtu huutoa mtumbwi majini, akajitwika, akatembea nao hadi ziwa jingine. Ndiyo maana Waojibwe, wenyeji wa asili, waliunda mitumbwi ya maganda ya mti, myepesi. Huu wetu wa kuchongwa gogo la mwembe nani angeuinua? Njia hizo hupimwa kwa rodi, kipimo cha kale cha wapima ardhi, takriban mita 5, karibu sawa na urefu wa mtumbwi wenyewe.

Wao walikodi wa alumini kwa kuwa bei yake ni nafuu. Uzito wake ni kilo 30 na zaidi, na katikati una nira ya kukalia mabegani.

Siku ya pili walifika njia ya rodi 180, kiasi cha mita 900. Mwenye mizigo ya kubebwa mara mbili huitembea njia hiyo mara tatu. Mvua ilikuwa imenyesha. Matope yalifika magotini, mawe yakiteleza, mbu hawahesabiki. Kijana aliteleza, akautupa mtumbwi, akakaa chini na kusema haendi popote. Mama kwa hasira akaubeba mwenyewe, ukamlemea kabla hajatimiza hatua 20. Ametueleza bila haya kwamba alilia, na kwamba alitukumbuka sisi na maneno yetu.

Kisha kijana akainuka, akajitwika. Mtu aliye chini ya mtumbwi haonekani uso; ni miguu tu, na sauti yake hutoka kama itokayo mtungini. Humo ndimo aliposemea. "Mama, siku ya Baba walinikataza kubeba jeneza. Walisema mimi mdogo, nitaanguka."

Mama alikuwa nyuma na shanta mgongoni. Hakujibu. Kijana akaendelea kusema hadi mwisho wa njia, maneno ya miaka 2. Mengine mama hakuyasikia vyema, wala hakumwomba ayarudie.

Walipofika ziwani kijana aliutua mtumbwi, akanywa maji, akarudi peke yake kufuata mzigo uliobaki. Jua lilikuwa bado lipo. Mwezi wa Juni huko Magharibi huingia kiasi cha saa tatu usiku. Asubuhi yake aliketi tezi, panapoongozwa mtumbwi, na mama akahamia omo.

Mpwa wetu tumemwomba radhi kwa jibu lile. Waliomsogeza kando mwanawe hatuwajui, na bila shaka nia yao ilikuwa njema. Lakini makaburini hapa kwetu, sisi wenyewe tumewasogeza wavulana wangapi kwa mkono mmoja, tukiwaambia wakae na wenzao?

Ijumaa iliyopita tulikuwa mazikoni. Mjukuu wa marehemu, wa miaka kama 11, alisimama kando akitazama. Tulimwita, tukamwachia nafasi mbele yetu. Bega lake halikufika. Aliushika ukingo wa jeneza kwa mikono miwili iliyonyooshwa juu, akatembea hivyo hadi kaburini.