STI ya kiwandani au gari la kuongezewa nguvu? Uwanja ndio mwamuzi

MLANGO wa kuingiza nchini magari ya mwisho ya Subaru WRX STI kutoka Japani unaelekea kufungwa, na wapenzi wa mbio za magari wanalazimika kufanya uamuzi ambao huenda wakaujutia wasipoupima vyema.

Kwa mujibu wa kanuni za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini likishapita umri wa miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. STI yenye injini ya EJ20 ilifikia kikomo nchini Japani mwishoni mwa 2019, kwa toleo la kuaga la magari 555 pekee.

Kwa hesabu hiyo, gari lililosajiliwa 2019 mwisho wake wa kuingia ni Desemba 2026, na lililosajiliwa 2020 ni Desemba 2027. Aidha, kampuni ya Subaru ilitangaza mnamo 2022 kwamba haitaunda STI ya petroli kutokana na WRX mpya.

Mnunuzi ana njia mbili. Anaweza kulipa zaidi apate STI ikiwa na vifaa vyote vya kiwandani, au anunue gari la bei nafuu kama WRX S4 kisha amkabidhi fundi aliboreshe.

Kwa nguvu tu, magari hayo hayatofautiani sana. S4 ya kizazi hicho ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 300, STI ya Japani 308. Pengo lao liko kwingine. STI ina giaboksi ya mkono ya gia sita, difu ya kati ambayo dereva huirekebisha akiwa kitini, na breki za Brembo. S4 hutumia giaboksi ya CVT, ambayo mafuta yake hupata joto jingi gari linapokimbizwa mizunguko mfululizo, na kompyuta hulazimika kupunguza nguvu ili kuilinda.

Giaboksi na difu si vitu vya kubadilishwa mwishoni mwa wiki. Anayejaribu kuigeuza S4 kuwa STI hatimaye hutumia fedha ambazo zingemnunulia STI yenyewe. Rahisi ghali, walinena wahenga.

Hata hivyo, si kila kitu cha kiwandani kinashinda. Gari linalokwenda kasi ya kilomita 200 kwa saa hubeba nishati mara nne ya lile la kilomita 100, na katika saketi ya lami breki hukanyagwa kwa nguvu mara kadhaa kila mzunguko bila nafasi ya kupoa. Mafuta ya breki ya kiwango cha DOT 4 yakiwa mapya hustahimili angalau nyuzijoto 230 kabla ya kuchemka, lakini yakishafyonza unyevu kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Yakichemka, pedali huzama hadi sakafuni na gari halisimami.

Hapo jina la Brembo halimwokoi mtu. Pedi, mafuta ya breki na tairi ni vitu vya kuchakaa, na vya kufaa mbio hununuliwa kando hata na mwenye STI. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya turbo mpya.

Kosa la wengi ni kuanza na nguvu. Kompyuta ya injini hupangwa upya na shinikizo la turbo kuongezwa, ilhali radieta, pampu ya oili na pistoni ni zile zile. Isitoshe, STI ya Japani iliundwa kwa petroli yenye oktani takriban 100, kiwango kilicho juu ya super ya kawaida inayouzwa humu nchini. Injini hiyo inahitaji kurekebishwa kwa uangalifu kabla ya kukimbizwa, sembuse kuongezewa nguvu.

Swali ambalo wanunuzi wengi hawajiulizi ni hili: gari litakimbizwa wapi? Kenya haina saketi ya lami yenye hadhi ya kimataifa. Mashindano yaliyo karibu na dereva wa kawaida ni ya autokrosi, kama yale ambayo yamekuwa yakiandaliwa Jamhuri Park jijini Nairobi, na mbio za nyanda za vumbi.

Katika vumbi na mawe, hesabu hubadilika. Breki kubwa za Brembo haziruhusu kufungwa kwa rimu za inchi 15 zinazotumika sana katika mbio hizo. Kinachohitajika kwanza ni shokomzoba imara, bamba la kukinga injini chini na fremu ya vyuma ya kumlinda dereva gari likibingirika. Vitu hivyo havimo katika orodha ya kawaida ya kiwandani, sharti viongezwe.

Kuhusu waranti, hoja inayowapa wanunuzi wa ng'ambo sababu ya kupendelea vifaa vya kiwandani haina uzito mkubwa hapa, kwani gari lililotumika kutoka Japani kwa kawaida huwasili bila udhamini huo. Bima nayo ina masharti yake. Mikataba mingi ya magari ya kibinafsi haifidii hasara ya mashindano, na mabadiliko yasiyofichuliwa kwa kampuni yanaweza kuzua mzozo hata ajali ikitokea katika barabara ya kawaida.

Ni dhahiri basi kwamba yule atakayekimbia kwenye lami, hata kama itambidi kusafiri nje ya nchi, atafute STI mapema na aibadilishe pedi, mafuta ya breki na tairi pekee. Wa autokrosi anaweza kununua gari jepesi la bei nafuu lenye giaboksi ya mkono, salio akalitumia kwa usalama.

Asiye na uwanja wa kukimbizia hana sababu ya kununua kasi. Akiinunua, ataijaribu usiku katika barabara kuu, na huko atakayelipa gharama huenda akawa mpita njia asiyejua lolote kuhusu Brembo.