UASIN GISHU: JINA LIMEBAKI, WENYEWE WAKO WAPI?

Tarehe 15 Agosti 2024 mji wetu wa Eldoret ulipewa hadhi ya jiji. Lakini mwulize mwanafunzi yeyote historia ya jiji hili. Atakuambia eti lilianza na Makaburu waliofika na magari ya kukokotwa na ng'ombe mwaka 1908, kisha posta ikafunguliwa mwaka 1910 katika shamba nambari 64. Ndiyo maana wazee wengine huliita "Sisibo".

Hayo sikatai. Ninachokataa ni kuianza hadithi katikati.

Hebu tutazame jina la kaunti yetu, hili tunaloliandika kila tunapojaza fomu. Uasin Gishu si mlima wala mto. Ni watu! Walikuwa tawi moja la Wamaasai, na maana ya jina lao ni ng'ombe wa milia. Uwanda huu wote ulikuwa malisho yao. Hata Eldoret limetokana na neno la Kimaasai, "eldore", yaani mto wa mawe. Mto wenyewe ni Sosiani wetu huu huu. Baadaye "t" ikaongezwa mwishoni.

Na kabla ya Wamaasai? Walikuwako Wasirikwa. Mashimo yao bado yanaonekana mashambani, na watafiti wanasema yalikuwa mazizi ya ng'ombe.

Katika karne ya 19 Wamaasai walipigana wao kwa wao. Wauasin Gishu wakashindwa, wakatawanyika. Baadhi walikimbilia Mumias wakawa wapiganaji wa Nabongo wa Wawanga. Leo vizazi vyao wako Trans Mara, katika kaunti ya Narok. Wanandi nao wakalisha mifugo hapa, mpaka Waingereza walipomwua Koitalel arap Samoei mwaka 1905 na kuwasukuma Wanandi kwenye eneo walilotengewa. Jambo la kushangaza ni kwamba mwaka 1903 Waingereza walikuwa wamekwisha kuwapendekezea Wayahudi uwanda huu. Wajumbe wakaja kuutazama, nao Wayahudi wakaukataa mwaka 1905. Jamani, mali ya watu ikagawiwa huko Ulaya bila wenyewe kuulizwa!

Kwa nini nayasema haya? Ni kwa sababu hata sisi wanafunzi, tukikosana kidogo tu uwanjani, utasikia, "Wewe mgeni, rudi kwenu!" Maneno hayo si mzaha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yaligeuka moto. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisani pale Kiambaa, karibu na mji huu, walichomwa humo, wakiwemo watoto. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, lakini maneno yale tumeyarithi.

Sasa nauliza: kama wa kwanza kufika ndiye mwenyeji peke yake, nani kati yetu atabaki? Mnandi? Mkikuyu? Mluhya? Itabidi sote tufunge virago tuwaachie Wasirikwa mashimo yao!

Wapo watakaosema kwamba kufukua historia ni kufukua chuki. Mimi naona kinyume. Chuki hushiba kwa historia nusu nusu, ile ambayo kila mtu huianza pale babu yake alipofika.

Kwa hivyo naomba chama chetu cha Kiswahili kifanye jambo. Likizo ijayo kila mwanachama amwulize babu au nyanya yake: "Mlikuja lini, mkamkuta nani hapa?" Majibu tuyaandike kwa Kiswahili, lugha isiyo ya kabila lolote hapa, tuyachapishe katika jarida hili. Nao wakubwa wa jiji waweke kibao kando ya Sosiani, kiwataje waliotuachia majina haya.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa Eldoret, sote tulikuja.