Waya Mrefu Hauhitaji Mnara

Ukisema hapa mtaani Sakina, Arusha, kwamba unataka kuvuta waya mrefu wa kupokelea redio ya ridhaa, bendi ya mita 160, utaambiwa kwanza utafute mnara. Si kweli. Harold Beverage alipata hataza ya antena hii Marekani mwaka 1921, na Desemba ya mwaka huohuo Paul Godley aliitumia Ardrossan, Uskoti, akawasikia wanaredio wa ridhaa wa Marekani ng'ambo ya Atlantiki. Nguzo zake zilikuwa za futi 12. Mirunda ya mafundi ujenzi inatosha kabisa. Kinachokulazimisha kupandisha waya ni watu na ng'ombe wanaopita chini yake, si mawimbi.

Dai la pili ndilo linaloharibu kazi za wengi: eti waya mrefu unaleta nguvu zaidi. Ukweli ni kwamba ukiulinganisha na antena ya kurushia, huu unaleta sauti ndogo, na mtu akiona mshale wa redio umeshuka anaung'oa siku hiyohiyo. Asifanye haraka. Kinachomwezesha kusikia ni tofauti kati ya stesheni na kelele, na hapa kelele inashuka kuliko stesheni. Ncha ya mbali, inayoelekea unakotaka kusikiliza, unaiunganisha na ardhi kupitia rezista ya takriban omu 470. Mawimbi ya nyuma yanakwenda kuishia humo. Ncha ya karibu inapita kwenye transfoma ya 9:1, kisha kebo. Ukiuelekeza Japani, yaani kaskazini mashariki, radi za Kongo zinabaki mgongoni, na za Ziwa Victoria zinabaki ubavuni. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta, hiyo ni faida kubwa mno.

"Lakini upande huo kuna Mlima Meru!" Ndiyo, na unakula mawimbi yanayokuja chini kabisa. Mengi ya bendi hii hushuka kutoka angani kwa pembe ya juu zaidi, yanaupita.

Wengine wanashauri uuzungushe waya kwenye uzio wa kiwanja, maana viwanja vya Sakina ni vidogo. Ukiuzungusha, mwelekeo umekufa. Omba ruhusa ya kupita kwenye mashamba ya upande wa Ngaramtoni, au ujenge kitanzi alichokieleza Gary Breed mwaka 1997: waya wa mita 26 hivi na mlingoti mmoja.

Na wale wanaosema ukaze waya kwenye mgrevilea mpaka ulie? Upepo wa kwanza utaukata. Upitishe ndani ya kipande cha bomba la plastiki kilichoning'inizwa tawini, bila fundo. Mwishoni funga kamba ya nailoni, ipite juu ya kapi, ining'inize dumu la lita 5 lenye mchanga. Mti ukiyumba, dumu linapanda na kushuka, waya unabaki mzima. Nguzo za TANESCO usiziguse kamwe, wala usipitishe waya juu au chini ya nyaya zake. Hapo ni kifo.

La mwisho, eti radi haihangaiki na waya wa chini. Ikipiga jirani tu, waya wenye urefu wa mita 160 unajaa umeme wa kuunguza redio. Wakati wa masika, chomoa kebo kabla wingu halijafika, na ncha yake uiache nje ya nyumba.