Cherehani Kuukuu Si Chuma Chakavu

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, huenda wako miongoni mwenu watakaostaajabu kuona kwamba leo tumegeukia habari za cherehani. Hatuombi radhi. Shati unalolivaa asubuhi mbele ya bendera lilipita chini ya sindano, na alama ya cheo iliyo begani mwako ilishonwa na fundi ambaye pengine hujapata kumwuliza jina. Lakini sababu iliyotufanya tushike kalamu ni nyingine, nayo inawahusu hasa walio katika kazi ya upelelezi.

Majuma machache yaliyopita tuliingia katika ua mmoja wa Buyenzi, mtaa ambao tangu mji huu ulipokuwa ukiitwa Usumbura umekuwa makao ya Waswahili na mafundi wa kila namna. Tulimkuta mama mwenye nyumba, mjane wa askari, akibishana na vijana wawili waliokuja na mkokoteni. Walikuwa wakiitaka Singer yake ya kukanyaga kwa miguu. Kwanza walitaja bei ya chuma chakavu, kwa kilo. Alipokataa, mmoja wao akatoa simu ya mkononi, akaisogeza karibu na sindano, akatikisa kichwa kama mganga, akasema kuwa mashine hiyo "ina kitu". Ikiwa mama angetoa faranga kidogo za kipimo, wangemletea mnunuzi kutoka ng'ambo ambaye angemlipa mali ya kununulia nyumba.

Ulaghai huu si mpya, wala haukuzaliwa Bujumbura. Mwaka 2009 ulienea katika Saudi Arabia uvumi kwamba cherehani za zamani za Singer zimefichwa ndani yake zebaki nyekundu, kitu ambacho eti hutumika katika kutengeneza silaha za atomiki na hata katika kutafuta dhahabu na majini. Kipimo chake kilikuwa hicho hicho cha simu: ikikatika karibu na sindano, basi zebaki imo. Watu waliacha kazi zao wakakimbilia masokoni, na mashine ambayo juzi yake haikuwa na thamani ikatajiwa bei ya riali 200,000. Polisi wa nchi ile walilazimika kuingia katika uchunguzi. Wataalamu wa nguvu za atomiki wamekwisha kusema mara nyingi kwamba zebaki nyekundu haipo duniani. Ndani ya Singer mna chuma, mafuta na vumbi la nguo, basi. Kwa hiyo polisi anayepita Buyenzi, au Bwiza, au kando ya soko la Siyoni, akimwona mtu anayepima cherehani kwa simu, asicheke na kwenda zake. Amwulize ametoza wangapi.

Mashine hizi zilitoka wapi? Nyingi ya Singer zilizouzwa nje ya Marekani zilitengenezwa Kilbowie, katika mji wa Clydebank huko Scotland, katika kiwanda kilichofanya kazi tangu miaka ya 1880 mpaka kilipofungwa mwaka 1980. Herufi K iliyo nyuma ya namba ya aina, kama 15K au 29K, ni alama ya kiwanda hicho. Zile zilizopitia Dar es Salaam zilipanda reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha zikavushwa ziwani. Kwa hiyo mashine iliyo katika ua wa Buyenzi imesafiri kuliko wengi wetu. Imepita vita na njaa, na zile zilizokuwa katika soko kuu la mji zilikutwa na moto wa tarehe 27 Januari 2013, uliowaacha mafundi wengi mikono mitupu.

Kuna kisa kingine ambacho askari watakipenda. Mwaka 1940 serikali ya Marekani iliiagiza kampuni ya Singer itengeneze bastola za M1911A1 kwa majaribio. Zilitoka 500 tu, kisha kampuni ikapewa kazi nyingine za vita. Leo wakusanyaji wa silaha huzitafuta bastola hizo kwa fedha ambazo hatuthubutu kuzitaja mbele ya mtu anayengoja mshahara wa mwisho wa mwezi. Tunalisema hili si kwa mzaha. Bunduki na cherehani zilikua pamoja katika karne ya 19: viwanda vya cherehani viliajiri mafundi kutoka viwanda vya silaha, nao wakaja na maarifa ya kutengeneza kila kipande kwa kipimo kimoja, ili kikivunjika kipatikane kingine cha kukaa mahali pake.

Na hapo ndipo ugomvi wetu na masoko yetu unapoanzia. Muuzaji wa vipuri atakuapia kwamba "Singer ni Singer". Si kweli hata kidogo. Sisi wenyewe tulidanganyika: tulinunua chombo cha kukunja pindo, kizuri, kinachong'aa, tukampelekea fundi rafiki yetu mwenye mashine ya kiwandani. Alipokifunga kilibaki kikining'inia hewani, hakigusi kitambaa. Mhimili wa mashine yake ulikuwa mrefu, na chombo kilikuwa cha mhimili mfupi. Fedha zetu zilikwenda na maji.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na rula ya mtoto wa shule inatosha. Ushushe mguu wa kubana kitambaa mpaka uguse bamba, kisha upime kutoka bamba hadi katikati ya parafujo inayoushika. Ukipata kama milimita 19, huo ni mhimili mfupi, ulio katika cherehani nyingi za nyumbani. Ukipata milimita 25 au zaidi, ni mrefu. Kuna aina ya tatu, iliyoinama, ambayo Singer waliileta na mashine yao ya 301 mwaka 1952, na hiyo haipokei chombo cha aina nyingine yoyote. Tena ziko 66 za zamani ambazo mguu wake hufungwa kwa nyuma badala ya ubavuni. Mwenye hizo atafute kwa subira.

Kuhusu sindano, askari hahitaji kufundishwa sana. Risasi ya Kalashnikov na risasi ya FAL zote huitwa za milimita 7.62, lakini ganda la kwanza lina urefu wa milimita 39 na la pili 51, wala hakuna kuruta atakayethubutu kutia moja mahali pa nyingine. Mafundi wetu hufanya kosa hilo kila siku. Cherehani nyingi za nyumbani, pamoja na Butterfly ya Shanghai iliyofuata umbo la Singer 15, hutumia sindano ya 15x1, yenye upande mmoja bapa kichwani. Pakiti nyingine huiandika HAx1, nyingine 130/705; ni kitu kimoja. Lakini DBx1 ni ya mashine za kiwandani, na kichwa chake ni cha mviringo. Ukiilazimisha katika cherehani ya nyumbani itaruka mishono au itagonga chuma, na mteja atasema fundi hajui kazi. Mshona viatu mwenye 29K, ile ambayo mguu wake huzunguka pande zote ili kufuata mkunjo wa buti, ana sindano zake peke yake: 29x3 kwa ngozi, 29x4 kwa kitambaa.

Bobini nazo zina hila. Ile ya 15 ina mbavu bapa, ile ya 66 ina mbavu zilizobinuka kidogo. Kwa macho ni pacha, katika mashine ni maadui. Na zile za 27 na 28 si za duara kabisa. Ni ndefu kama kijiti, hukaa ndani ya chuma chenye umbo la risasi.

Kwa nini tunasumbuka hivi? Kwa sababu vyombo hivi ndivyo vinavyoamua nani atapata kazi. Cherehani ya mshono mnyoofu, isiyojua kwenda kushoto na kulia, ikifungiwa chombo cha matundu ya vifungo hushona tundu safi kabisa, kwa kuwa chombo chenyewe ndicho kinachokisogeza kitambaa. Fundi mwenye chombo hicho aweza kupokea mashati ya kikosi. Asiyekuwa nacho atabaki kupunguza suruali na kubandika viraka, hata kama mkono wake ni hodari kuliko wa jirani.

Hapa tuna lawama kwa watu wa nyumbani. Katika kambi moja, ambayo hatutaitaja, cherehani kuukuu ziliuzwa kwa mnada huku masanduku ya vyombo vyake yakiuzwa siku nyingine, kwa watu wengine. Aliyenunua mashine hakupata miguu, na aliyenunua miguu hakujua ni ya mashine gani. Hata bunduki iliyotiwa kutu huwa na orodha yake ghalani! Tunaona kila kambi yenye fundi ingefaa iwe na daftari moja: aina ya mashine, namba yake, kipimo cha mhimili, sindano yake, na vyombo vilivyo sandukuni. Kazi hiyo yaweza kupewa askari anayekaribia kustaafu, na maarifa hayo atayachukua kwake siku atakapovua magwanda. Tena ghalani wasitie mafuta ya mawese katika mashine kwa kubania faranga. Huganda kama gundi, na mashine nzima hudhaniwa imekufa.

Tumrudie mama wa Buyenzi. Vijana wale waliondoka walipotuona tunaandika. Fundi jirani aliitwa, akaifungua mashine, akasema ni ya 27, mwili wake mzima, na ukanda mpya wa ngozi utatosha kuiamsha. Kilichopungua ni bobini. Imebaki moja tu, hivyo kila mama anapobadili rangi ya uzi wa chini hana budi kuufumua wote na kuanza upya. Fundi ana makopo matano ya vipuri alivyokusanya kwa miaka mingi, na bobini zote alizo nazo ni za duara. Askari yeyote ambaye katika ghala lake, au katika kasha la marehemu mama yake, mna vijiti vya chuma vyenye kisahani kidogo kila upande na hajui ni vya nini, aende navyo Buyenzi. Akiuliza kwa mafundi cherehani, ataonyeshwa mlango.