Nani Atawakagua Wakaguzi Walio Ng'ambo?

Mali bila daftari hupotea bila habari, wasema wazee wetu, nasi tuishio kwa kalamu twaujua ukweli wa neno hilo kuliko watu wengi. Walakini kuna jambo moja ambalo methali hiyo haikuligusa, nalo ni habari ya yule ajaye kulitazama daftari, akatia sahihi yake kwamba hesabu ni za kweli. Yeye naye ni binadamu. Hulipwa ujira na yule yule anayemkagua, na huenda akachoka, akaogopa, au akapendelea. Basi ni nani amtazamaye mtazamaji? Na ikiwa yuko nchi nyingine, chini ya serikali nyingine, ni nani awezaye kulifungua kabati lake? Neno hili twataka kulileta mbele ya wanachama wenzetu, kwa kuwa twaona si neno la matajiri peke yao.

Kampuni kubwa za siku hizi huuza hisa kwa watu wengi walio mbali. Mwalimu ambaye akiba yake ya uzeeni imewekwa katika hisa hizo hawezi kwenda mwenyewe ghalani kuhesabu mali. Yeye na wenziwe hutegemea ripoti ya mwaka, na mwisho wa ripoti hutafuta sahihi ya mkaguzi. Nyuma ya sahihi hiyo yapasa kuwapo makaratasi ya kazi: barua za benki, hesabu za bidhaa, maswali yaliyoulizwa na majibu yaliyopatikana. Ripoti ni kurasa chache, bali makaratasi hayo hujaza makabati. Atakaye kujua kama mkaguzi alifanya kazi kweli au aliazima watu jina lake tu, hana budi kuyasoma makaratasi yenyewe.

Kwa miaka mingi katika Marekani wakaguzi walikuwa wakitazamana wao kwa wao. Mwezi wa Desemba 2001 kampuni ya Enron ya Houston ilifilisika, na ikajulikana kwamba watu wa Arthur Andersen, wakaguzi wake, walikuwa wameharibu makaratasi mengi ya kazi hiyo. Mwaka 2002 bunge likatunga sheria, na kwa sheria hiyo likawekwa baraza la kuwasimamia wakaguzi, liitwalo kwa herufi zake PCAOB. Ofisi ikaguayo kampuni zaidi ya 100 iliwekewa ukaguzi wa kila mwaka, na nyingine angalau mara moja katika miaka 3. Wala sheria hiyo haikuishia pwani ya Marekani. Ofisi yo yote ya wakaguzi, iwe London au Shanghai, ikiwa yakagua kampuni ambayo hisa zake zauzwa katika masoko ya Marekani, ilipaswa kujiandikisha kwa baraza hilo na kukubali kukaguliwa.

Hapo ndipo mpaka ulipoanza kuleta taabu. Kampuni nyingi za Uchina zilikwenda New York kutafuta fedha, lakini makaratasi ya wakaguzi wao yalibaki Uchina, na Serikali ya huko ilikataza yasitolewe nje, kwa kuchelea siri za nchi. Mwaka 2011 Marekani ilidai makaratasi ya hesabu za kampuni iitwayo Longtop. Ofisi ya Deloitte ya Shanghai ilijibu kwamba ikiyatoa yaweza kufungwa, na wakubwa wake kutiwa gerezani. Mtu mmoja akawa na mabwana wawili, huyu akimwamuru atoe, na yule akimwamuru afiche. Mwaka 2013 serikali hizo mbili zilitia sahihi mapatano ya kuleteana makaratasi, lakini yalizaa matunda machache mno. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ikaendelea hivyo hata mwezi wa Aprili 2020, kampuni ya kahawa ya Luckin, ambayo hisa zake zilikuwa zikiuzwa New York, ilipotangaza kwamba mauzo ya mwaka 2019 ya kadiri ya yuan bilioni 2.2 yalikuwa ya kubuniwa. Wenye hisa wakapata hasara kubwa. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo Marekani ikatunga sheria nyingine: kampuni ambayo wakaguzi wake hawakaguliki kwa miaka 3 mfululizo, hisa zake zitaondolewa sokoni. Baadaye miaka hiyo 3 ilipunguzwa ikawa 2.

Ndipo tarehe 26 Agosti 2022 yalipotiwa sahihi mapatano mapya, nayo yafaa yasomwe kwa makini na kila karani. Kwa maelezo ya PCAOB yalikuwa na mambo matatu makubwa. La kwanza, baraza litachagua lenyewe ofisi za kukagua na kazi za kutazama, bila kumshauri mwenyeji. La pili, wakaguzi wake watayaona makaratasi yote mazima, pasipo neno lililofutwa, na watawahoji watu wote waliofanya kazi ile. La tatu, watachukua habari watakazohitaji na kuzifikisha kwa wakubwa wao.

Watu zaidi ya 30 walikwenda Hong Kong, wakakaa juma 9, toka Septemba hata Novemba. Wakachagua ofisi mbili, KPMG Huazhen na PwC ya Hong Kong, na katika kila ofisi kazi 4. Ripoti zilipotolewa mwezi wa Mei 2023 zilionyesha kwamba katika kazi hizo 8, kazi 7 zilikuwa na upungufu mkubwa. Tusikosee hapa: upungufu huo si kusema kwamba hesabu za kampuni zilikuwa za uwongo. Maana yake ni kwamba mkaguzi alitia sahihi kabla hajapata ushahidi wa kutosha. Tena Novemba 2023 PwC za Uchina na Hong Kong zilitozwa jumla ya dola milioni 7, kwa kuwa wafanya kazi wao zaidi ya 1,000 walikuwa wakipeana majibu ya mitihani ya ofisi, na mitihani hiyo ilihusu sheria zile zile za ukaguzi wa Marekani.

Kila mtu aliyepata kushika sanduku la fedha la Serikali aijua tofauti ya ukaguzi wa namna mbili. Mkaguzi akileta barua kwanza, akaomba apelekewe vitabu kadha wa kadha, hupelekewa vile vilivyo safi. Akiingia mwenyewe asubuhi, akasema, "Nipeni hiki, na kile, na ufunguo wa kabati lile," hapo kazi huonekana ilivyo. Mapatano ya 2013 yalikuwa ya namna ya kwanza, na ya 2022 ni ya namna ya pili. Hii ndiyo sababu twasema kwamba ushirikiano wa serikali katika jambo hili haupimwi kwa wingi wa sahihi wala kwa uzuri wa karamu. Hupimwa kwa swali moja: je, mgeni aweza kuchagua kabati mwenyewe?

Wako wasemao kwamba jambo hilo ni kuvunja heshima ya mwenye nchi. Hoja hii twaiheshimu, maana hakuna apendaye mgeni apekue nyumba yake. Lakini aendaye kuuza katika soko la jirani hukubali mizani ya soko lile. Asiyeitaka na auze kwao. Tena mwenyeji naye hufaidika. Mwezi wa Machi 2024 Serikali ya Uchina yenyewe ilitangaza kwamba Hengda, tawi kubwa la kampuni ya majumba ya Evergrande, lilizidisha mapato yake ya miaka 2019 na 2020 kwa yuan zaidi ya bilioni 560. Mwezi wa Septemba mwaka huo ikaitoza PwC Zhong Tian yuan milioni 441, na kuisimamisha kazi kwa miezi 6. Waliopotelewa na fedha zao walikuwa raia wa Uchina wengi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Walakini kuna neno jingine katika habari hii ambalo latupasa kulipima sisi wa nchi ndogo. Mlango ule ulifunguka kwa sababu Marekani ina soko ambalo kila mtu alihofia kufukuzwa. Sisi hatuna fimbo ya namna hiyo. Nchi isiyo na soko kubwa haina njia illa kuungana na wenzake. Kwa ajili hiyo wasimamizi wa wakaguzi wa nchi 18 waliunda umoja wao mwaka 2006, uitwao IFIAR, na nchi nyingine zikaingia baadaye, Afrika ya Kusini na Mauritius zikiwamo.

Na hapa kwetu je? Kampuni zetu hazikai tena ndani ya mpaka mmoja. Hisa za KCB zimeandikishwa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali. Majina yale yale makubwa ya wakaguzi yamo katika miji yetu yote, ilhali kila nchi ina bodi yake ya wahasibu. Mwaka 2011 vyama vya wahasibu vya Afrika ya Mashariki vilitia sahihi mapatano ya kutambuliana vyeti, nasi twavisifu kwa hilo. Lakini cheti cha mtu ni kitu kimoja, na makaratasi ya kazi yake ni kitu kingine. Cheti chasema kwamba alipata kufaulu mtihani. Makaratasi ndiyo yasemayo kama jana alihesabu au hakuhesabu.

Basi rai yetu ni hii. Bodi za nchi zetu zipatane kwa maandishi kwamba, kampuni ikiuza hisa katika nchi mbili au zaidi, mkaguzi wake aweza kutazamwa na bodi za nchi hizo kwa pamoja, nazo zichague makaratasi zenyewe, zikiapa kutunza siri. Lifanywe sasa, kungali na amani, wala tusingojee kampuni ianguke ndipo tuandikiane barua. Twawaomba wanachama wa matawi yote walizungumze neno hili mikutanoni, na wale walio katika ofisi za Hazina na za ukaguzi watuletee maoni yao, yawe ya kutukubali au ya kutupinga.