Mlango wa Moyo Unaovuja "Kidogo"

Mwezi huu tuongee juu ya ile karatasi ambayo mzazi hupewa mtoto wake akitoka kupimwa moyo kwa mashine ya ultrasaundi. Wengi huikunja vizuri, wakaiweka pamoja na kadi ya kliniki, na tangu siku hiyo huyachukua yaliyoandikwa humo kama hukumu ya mahakama. Ikiandikwa kwamba mlango wa moyo unavuja kidogo, basi, sindano zinaachwa. Mimi nasema hilo ni hatari.

Kwa watoto wetu wengi ugonjwa huo huanzia kooni. Mtoto anapata mafindofindo, hatibiwi, na baada ya wiki mbili tatu inamjia homa ya baridi yabisi. Viungo vinavimba kisha vinapona, lakini milango ya moyo inabaki na makovu na haifungi sawasawa. Damu inayotakiwa kwenda mbele inarudi nyuma. Kujua inarudi kiasi gani ndiyo kazi ya mashine.

Mashine hutuma sauti ambayo masikio yetu hayaisikii. Sauti hiyo ikigonga chembe za damu hurudi imebadilika, kama honi ya basi inavyosikika kali basi likija na nzito likishatupita. Jambo hilo alilieleza Christian Doppler wa Austria mwaka 1842. Lakini mashine ya kawaida huona tu mwendo wa damu inayoijia au inayoikimbia. Damu ikikatiza mbele yake moja kwa moja, haioni mwendo wowote. Ikipita kwa pembe ya nyuzi 60, huona nusu tu ya mwendo wake. Ndiyo maana mpimaji humlaza mtoto ubavu na kusogezasogeza kile kipimio kifuani. Anatafuta pembe. (Na zile rangi nyekundu na bluu kwenye kioo siyo damu safi na damu chafu, kama wengi wanavyodhani. Kwa kawaida nyekundu inakuja, bluu inakwenda.)

Sasa, damu ndani ya moyo haina adabu ya kwenda upande mmoja. Inazunguka na kujikunja, na ile inayovuja mara nyingi hutambaa kando ya ukuta wa moyo, hivyo kwenye kioo huonekana chache kuliko ilivyo. Tena, hesabu inayotumika sana huchukulia kwamba damu inayolikaribia tundu hujipanga kama nusu ya chungwa. Tundu lenyewe mara nyingi siyo la mviringo; ni refu kama tundu la kifungo cha shati.

Wataalamu wanalijua hilo. Mwaka 1998 Jørgen Arendt Jensen na Peter Munk wa Denmark walitoa njia ya kupima hata damu inayokatiza. Mwaka 2014 Jensen na mwenzake Michael Pihl wakaonyesha namna ya kuupima mwendo wa damu pande zote tatu: juu na chini, kulia na kushoto, mbele na nyuma, kwa kipimio chenye vipande 1,024 vilivyopangwa 32 kwa 32. Nalifurahia jambo hilo, maana litapunguza kubahatisha. Lakini nasikia watu wakisema tungoje mashine mpya, au tuchangishane tuinunue. Tunapenda mashine kwa sababu inakatiwa utepe na kupigwa picha. Muuguzi akipelekwa masomoni miezi kadhaa kujifunza kuitumia ile ya kawaida, hakuna utepe. Mimi ningeanza na huyo muuguzi.

Na mtoto wako hawezi kungoja. Huko Gulu, kaskazini ya Uganda, watafiti walichukua watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 ambao ugonjwa wao ulikuwa mdogo, umeonekana kwa ultrasaundi tu. Nusu walichomwa penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2, nusu hawakuchomwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Ugonjwa uliongezeka kwa watoto 3 tu kati ya waliochomwa, na 33 kati ya wasiochomwa. Kwa hiyo neno "kidogo" kwenye karatasi huenda likawa pungufu ya ukweli, na hata likiwa sahihi, huo ndio wakati sindano inapofaa. Mlango ukishaharibika sana, safari ni ya Dar es Salaam kwa upasuaji, na ng'ombe wanauzwa.

Ukirudi kupima, njoo na karatasi zote za zamani, usilete ile ya mwisho peke yake, mpimaji atalinganisha. Muulize kama amewahi kuipata pembe nzuri au mtoto alikuwa analia. Usiache sindano mpaka daktari mwenyewe aseme. Najua zinauma, na watoto wanajificha siku ya sindano ikifika. Hospitali nyingine huchanganya dawa kidogo ya ganzi. Ombeni, msione haya.